Shangazi, Ushushe Huo Mpira

…na hapo ndipo simu ilipokatika, Shangazi, pale uliposema, "Mpira nimeutundika jikoni juu ya mafiga, acha nao upate moshi." Nilingoja upige tena. Nikapiga mimi, nikaambiwa hupatikani. Nikabaki nimesimama uani kwetu hapa Musinzira, Gitega, na simu sikioni, mume wangu akinitazama na mikono yake imejaa povu la sabuni, kwa sababu alikuwa anafua. Ndiyo, anafua. Hayo nitakueleza mbele, maana nikianza nayo sasa sitafika popote.

Basi yaliyokatwa na simu nayaandika. Na nayaandika wazi, sifungi bahasha. Atakayeibeba barua hii mpaka Muyinga na aisome njiani. Wakitaka kuisoma baada ya misa hapo Butihinda, waisome kwa sauti. Baba yake Irakoze naye aisome, yeye hasa. Kwa ajili yao nitasema na mambo ambayo wewe unayajua tayari: kwamba wewe ni dada wa baba yangu, kwamba umenilea tangu turudi kutoka Tanzania, na kwamba kila Jumamosi, toka nikiwa na meno ya utotoni, umekuwa ukiwachezesha mpira watoto wa kilima chetu bila filimbi. Hujawahi kuwa na filimbi. Kwako mchezaji akigusa mpira kwa mkono, akimvuta mwenzake, akimkanyaga, ananyoosha mkono mwenyewe na mchezo unasimama. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna nyingine.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa mchezaji wako, Irakoze mwenyewe. Alinipigia kwa simu ya dada yake, akaongea kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba. Akaniambia mlifika fainali ya mashindano ya vilima, na zawadi ilikuwa jezi za timu nzima. Hakuna aliyekuwa amefunga, mchezo unakaribia kwisha, mpira ukampiga mkononi mbele ya goli lenu. Refa alikuwa ametazama kwingine. Irakoze akanyoosha mkono. Penalti. Goli. Wenzenu wakaondoka na jezi wakiimba njia nzima kwamba mmejifunga wenyewe.

"Halafu baba akaenda kwa Shangazi," akaniambia. "Amemwambia maneno mengi, dada."

"Maneno gani?"

"Amesema wenzetu wamerudi na jezi, sisi Shangazi ametuvisha ukweli. Na ukweli hauna namba mgongoni."

"Na Shangazi akajibu nini?"

"Hakujibu. Alichukua mpira akaingia nao jikoni. Jumamosi tukaenda uwanjani, hakuja. Dada, ni mkono wangu. Nisingeunyoosha tungekuwa tunacheza."

Unasikia, Shangazi? Huyo mtoto anaamini mkono wake ndio umeua mpira wa kilima kizima. Ninajua hukuutundika kwa ajili yake. Ninajua ulichoka na maneno ya watu wazima. Lakini yeye anaona mpira uko juu na wewe umenyamaza, na anajijibu mwenyewe. Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Sasa naomba nikukumbushe, na nikuulize, maana siku hizi nina maswali mengi kuliko nilivyokuwa nayo nikiishi kwako. Sijui kama ni ndoa ndiyo inayofanya hivi. Mume wangu Fabrice ananiuliza kila kitu cha utotoni mwangu, uwanja ulikuwaje, nilikaa wapi, nilivaa nini, na ninapomjibu nagundua kwamba niliona mengi na sikuuliza hata moja.

Nakumbuka uwanja wetu ulivyoinama. Anayeshambulia kuelekea chini alikuwa na raha, anayeshambulia kuelekea juu alikuwa anapanda mlima, na mpira ukikosa goli la chini unaviringika mpaka kwenye mikaratusi. Nakumbuka mpira wenyewe kabla paroko hajatuletea ule wa dukani: majani makavu ya migomba, mifuko ya plastiki na kamba, uliousuka wewe mwenyewe ukiwa umeubana magotini. Na nakumbuka kilichokuwa kinatokea mtu akikosa halafu asinyooshe mkono.

Ulikuwa unaingia uwanjani polepole, unauchukua mpira na unaukalia. Basi. Unafungua pindo la kitenge ambamo kulikuwa na maharage mabichi, unaanza kuyamenya.

"Shangazi, mpira."

"Umechoka. Unapumzika."

"Utapumzika mpaka lini?"

"Muulizeni mwenye mkono."

Hukumtazama mtu. Hukutaja jina. Unamenya tu, maganda unayatupa upande huu, maharage unayaweka upande ule, na sisi tumesimama kama miti, kila mmoja anamtazama jirani yake. Mara mkono unapanda, huku mwenyewe ameinamisha kichwa. Unainuka, unajikung'uta, unasema, "Asante. Mpira wa kwao." Hakuna mahubiri. Na siku ambayo mkono haukupanda, tulirudi nyumbani, na Jumamosi iliyofuata ulianza mchezo kwa kuukalia mpira kabla hatujaugusa.

Swali langu la kwanza ni hili: ulikuwa unaona? Maana Fabrice anasema haiwezekani mtu mmoja aone yote. Mimi nikamsimulia siku ile ulipokaa ghafla katikati ya mchezo, na mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, na kila mmoja akakiri kosa tofauti. Na wewe ukatutazama kwa mshangao, ukasema, "Jamani, mimi nilichoka miguu tu." Fabrice alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo, nikikaa popote ghafla, ananyoosha mkono.

Wacha nifike Gitega sasa, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unaposhindwa kutulia.

Unakumbuka ulivyotuleta Gitega kwenye mashindano ya vijana wa parokia? Wewe mbele na kapu la viazi vitamu, watoto katikati, mimi nyuma na bidoni ya maji, na Irakoze akiwa mdogo kabisa wa timu. Tulipangiwa kucheza na Musinzira. Wao walikuwa na viatu. Sisi tulikuwa na raba za watu wanne na wengine miguu mitupu. Na kulikuwa na refa, mwanaume mwenye kifua, mwenye filimbi nyeusi shingoni. Nilikuona ukiitazama ile filimbi, Shangazi. Uliitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Mpira ukamgusa Irakoze kwenye kiwiko. Refa hakuona. Irakoze akasimama, akanyoosha mkono juu kabisa kama mwanafunzi anayetaka kutoka nje. Watoto wetu wote wakasimama naye, ndivyo walivyozoea. Wale wa Musinzira wakaendelea kukimbia na mpira peke yao, wakifikiri tumeshikwa na kitu. Refa akapuliza filimbi, akaja mbio.

"Unadai nini?"

"Sidai, bwana. Ni mimi."

"Ni wewe nini? Unanifundisha kazi?"

Akamwonyesha kadi ya njano. Kwa kuleta fujo. Mtoto wa watu amepewa kadi kwa sababu ya kujisema, na wewe pale pembeni umeinama, mabega yanatikisika, nikafikiri unalia. Nikakukimbilia. Ulikuwa unacheka, machozi yanakutoka, huwezi kusema neno.

Na hapo akaja kijana mmoja mwembamba, amevaa shati lililonyooshwa vizuri ingawa ni uwanja wa vumbi, kocha wa wenzetu. Alizunguka uwanja mzima kuja upande wetu. Hakukufuata wewe maana ulikuwa bado unacheka. Alinifuata mimi na bidoni yangu.

"Donc, pardon, mi naomba kuuliza," akasema. "Ule mtoto yenu, kwa nini ananyoosha mkono? Arbitre hakuona kitu."

"Ndiyo maana amenyoosha."

"Iko namna gani hiyo?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu hakuna filimbi. Kwamba aliyekosa anajisema. Alinisikiliza kwa macho yale, Shangazi, unayajua yalivyo, kama vile ninachosema ndicho alichokuwa anakisubiri tangu asubuhi. Akauliza, "Na kama anakatala?" Nikamwambia, "Shangazi anakalia mpira." Akasema, "Merci," akarudi kwake, nami nikadhani yamekwisha.

Kipindi cha pili mtoto wake mmoja akamvuta beki wetu shati, akapita, akafunga. Refa akaonyesha goli. Musinzira wakaanza kushangilia. Na pale ng'ambo, mbele ya wazazi wote na mapadri na wauza karanga, kocha wao akanyoosha mkono.

Refa hakuamini. "Hata we, kocha?"

"Mtoto yangu amevuta shati, chef. Mi nimeona."

"Toka. Nyuma ya kamba, haraka."

Akafukuzwa. Na nyuma ya kamba palipokuwa na nafasi ni upande gani? Upande wangu. Akaja akasimama karibu na bidoni, akaniomba maji, na tukatazama mchezo wote uliobaki bega kwa bega, yeye akiwa kocha aliyefukuzwa na mimi nikiwa msichana wa maji. Sikuona chochote kilichotokea uwanjani baada ya hapo. Nilikuwa natazama ule mkono wake uliokuwa umeshika kikombe, nikiwaza kwamba mkono huu umenyooshwa mbele ya watu na haukutetemeka. Niambie, mtu anawezaje kutompenda mtu kama huyo?

Na sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Juzi niliwauliza wale watoto wa Musinzira, ambao sasa ni vijana, nani alishinda siku ile. Mmoja akasema wao. Mwingine akasema nyinyi. Wa tatu akaapa ilikuwa sare. Nikamwuliza Fabrice, akakuna kichwa. Nikajiuliza mimi, sijui. Kwa kweli sijui, na nilikuwepo. Lakini nilipowauliza kama wanamkumbuka mtoto mmoja mdogo aliyepewa kadi, wote wakaruka, wakaanza kuigiza alivyosimama, na refa alivyokimbia. Hilo nataka Baba Irakoze alisome mara mbili. Wale wapinzani walirudi na jezi, ni kweli, na mimi sisemi jezi ni kitu kidogo kwa mtoto anayecheza na shati la shule. Lakini huku Gitega kuna vijana wanaomjua mwanawe na hawajawahi kuongea naye.

Ulifurahi sana siku ya mahari, au nilikuona vibaya? Wakwe walichelewa. Tulikaa tumejipanga, soda zinapata joto, wasemaji wetu wameshakunja uso. Walipofika, msemaji wao akaanza maneno matamu ya kuzunguka, barabara hivi, mvua vile, gari limekosa mafuta. Na Fabrice, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kufungua mdomo, akanyoosha mkono kwenye kiti chake na kusema, "Tumechelewa. Kosa ni yetu." Wazee wakatazamana. Wewe ukainuka kutoka kule kwa wanawake ukasema, "Asante. Mpira wa kwetu." Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi watatu. Nilikuwa chumbani nimefungiwa, nimeweka jicho kwenye ufa wa mlango, na nikajibana mdomo nisicheke mahari ikavunjika.

Na usiku wa kuniaga ulinipa maneno mafupi kuliko mashangazi wote waliokuwepo. Wao walinifundisha mengi, ya jikoni na ya kitandani. Wewe ulisema, "Ukikosa, usingoje filimbi."

Ndiyo maana mume wangu anafua, Shangazi. Wiki ile simu ilipokatika aliahidi kuleta mkaa akasahau, nikapika kwa vijiti vilivyolowa, nyumba na nguo zikajaa moshi. Alipoingia hakuuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Alisimama mlangoni na mkono juu, kisha akazibeba nguo kwenda kuzifua. Nami niliwahi kuunguza maharage kwa kuwa nilikuwa napanga nguo zake kabatini na kuzinusa, usinicheke, na aliporudi alinikuta nimekaa mezani na mkono juu na sufuria mbele yangu. Tulikula yaleyale yaliyoungua. Yalikuwa matamu. Najua hayawezi kuwa matamu, lakini yalikuwa. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Mutoyi, akatukuta sote wawili na mikono juu, kila mmoja anataka kosa liwe lake. Akaweka kikapu chini, akauliza kama kuna askari ndani.

Lakini kuna jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nisilale vizuri kwa udadisi. Hapa mtaani kuna jirani yangu, Mama Zaituni, anashona nguo na kuuza sambusa. Siku moja tukaongea, nikasikia Kiswahili chake kina ladha ya Tanzania kama changu. Kumbe naye alikulia kambini, kambi ileile yetu ya wakimbizi. Nikamwambia habari za mpira bila filimbi, ili tu nimsikie atasema nini. Akasimamisha cherehani.

"Hiyo naijua," akasema. "Kule filimbi ilikuwa ya foleni ya unga. Ikilia, watu wanakimbia na ndoo na magunia. Siku moja mtoto mmoja akaokota filimbi, akawa refa wa wenzake, akaipuliza kwenye goli. Kambi nzima ikatoka, mwanangu. Wazee wamevaa kiatu kimoja. Wakajipanga. Na unga haupo."

"Wakafanya nini?"

"Wangefanya nini? Walirudi. Ila mama mmoja hakurudi. Alibaki kwenye ule mstari ameshika gunia lake, analia. Watoto wakamwona. Basi, kulikuwa na msichana mrefu, golikipa. Akaenda akamnyang'anya yule mtoto filimbi. Akasema hapa haitapigwa tena, anayekosa atajisema mwenyewe."

"Jina lake?"

"Jina silikumbuki. Nakumbuka tu wakibishana alikuwa anachukua mpira anaukalia, na hapo humtoi."

Sambusa ilinidondoka, Shangazi. Mama Zaituni akaniuliza kama ina mfupa.

Kwa nini hukuniambia? Sikulaumu, ninataka tu kujua. Miaka yote niliona ule mchezo kama adabu yako ya ajabu, kama namna yako ya kufunga kitenge. Ilifanyaje kazi mara ya kwanza? Nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na wengine walimcheka? Ile filimbi uliipeleka wapi, uliitupa, uliirudisha, uliizika? Na yule mama aliyebaki kwenye foleni isiyokuwepo, Shangazi, ni bibi yangu? Hilo la mwisho usinijibu kwa simu. Nataka nikae karibu na wewe ukinijibu.

Nimefikiri sana juu ya hili, na nadhani sasa najua kwa nini hukumjibu Baba Irakoze. Ungemweleza nini, na kuanzia wapi? Yeye pia alirudi kutoka huko, naye aliikimbilia filimbi ileile na gunia mkononi. Labda ndiyo maana anataka mwanawe apate kitu cha kushika, kitu chenye namba. Mimi simlaumu. Lakini Baba Irakoze, ukisoma hapa, jiulize ni kitu gani Shangazi alikuwa anakulindia mtoto asikisikie kila Jumamosi.

Sasa habari za hapa. Fabrice ameamua Jumamosi za Musinzira ziwe bila filimbi. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Watoto walidhani mkono ni wa kumshtaki mwenzako, kila mmoja ananyoosha mkono mmoja na kumwonyesha jirani kwa mwingine. Wiki ya pili wakageuza mzaha. Mmoja alinyoosha kwa sababu amechelewa kuja, mwingine kwa sababu amekula andazi la mdogo wake nyumbani, mwingine akanyoosha akasema bado hajui amekosa nini, anangoja akumbuke. Fabrice akaja nyumbani amechoka, akajitupa mkekani. "Chérie, mi nashindwa. Shangazi yako alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia ulichokuwa unafanya.

"Basi twende we na mi," akasema.

Jumamosi hii iliyopita nikaenda, Shangazi, mimi bibi harusi, nimevaa kile kitenge cha buluu ulichonipa, cha sikukuu. Wana mfungaji wao mmoja, Bosco, anayejua mpira kuliko wote na anajijua. Akamsukuma mtoto wa kike aliyekuwa golini, akafunga, akaanza kucheza ngoma. Hakunyoosha. Nikaingia nikauchukua mpira nikaukalia. Kitenge kilikuwa kinaingia vumbi na mpira ulikuwa unataka kuniangusha. Wewe ulikuwa unakaaje bila kuyumba?

"Madamu, mpira," wakasema.

"Umechoka."

"Aka, umechoka na iko mupya?"

"Hata mpya huchoka."

Sikuwa na maharage ya kumenya, hilo lilikuwa kosa langu, mikono haikujua pa kwenda. Nikahesabu vifungo vya blauzi. Wakabishana, wakakaa chini, mmoja akalala. Bosco alitembea mpaka goli la mbali akarudi. Akafika mbele yangu, akasema polepole, "Madamu, ule mtoto alianguka mwenyewe." Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Akaondoka tena. Aliporudi mara ya pili alikuwa amemshika mkono yule msichana, na mkono wake mwingine ulikuwa juu. Juu kidogo tu, usawa wa sikio. Nikainuka. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kulia, lakini nikakumbuka ulivyokuwa unafanya. Nikajikung'uta nikasema, "Asante. Mpira wa kwao." Sauti ilikuwa yako, Shangazi. Fabrice alisema hivyo, kwamba ilitoka sauti ambayo si yangu.

Baadaye tukawakalisha kwenye nyasi, Fabrice akawauliza kama wangependa kwenda kucheza na wale waliouanzisha mchezo huu, huko Butihinda. Wakakubali wote. Wakaanza kupanga timu palepale. Na Bosco, ambaye hajawahi kumtaka mtu upande wake isipokuwa awe wa kumpa pasi, akasema, "Mi nataka ule wa kadi, karte jaune, akuwe upande yangu." Mwingine akasema hapana, huyo tutampigia kura. Wakagombana, Shangazi. Watoto wa mjini, wenye viatu, wanamgombania Irakoze ambaye wanamjua kwa hadithi ya mkono wake tu.

Mwambie hivyo. Au usimwambie, ngoja ajionee mwenyewe. Lakini asiendelee kulala na ule mzigo.

Basi hivi ndivyo tulivyopanga. Rafiki wa Fabrice ana lori linaloleta ndizi Gitega na kurudi Muyinga tupu, na amekubali, mafuta yakipatikana. Watoto watakuja na viazi vyao, wasikuletee shida. Jezi zetu ni za upande mmoja tu, kwa hiyo watachanganyika, hawa wa kwenu na hawa wa kwetu, na hakuna atakayejua anamshinda nani. Baba Irakoze tunamwomba asimame upande mmoja na Fabrice, na kama ataona kosa la mwanawe kabla mwanawe hajaliona, anaruhusiwa kunyoosha mkono. Filimbi hatuleti.

Ushushe huo mpira, Shangazi. Ufute masizi, uutie upepo, na tafadhali weka maharage mabichi kwenye pindo la kitenge, mengi, maana safari hii tutakaa wawili, na wakati watoto wanasubiri mkono uinuke, wewe utakuwa unanijibu maswali yangu moja moja. Kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi, uangalie barabara ya kutoka Muyinga. Ukiona lori limejaa mikono iliyonyooshwa, ujue tumechelewa na tunakiri kabla hujauliza.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, niliyekuwa nakubebea bidoni, sasa mke wa kocha aliyefukuzwa.